Konsati ya kwanza ya metali: masikio, shingo na mahali pa kusimama

Kwenye hedifoni, metali, ile roki nzito, ni muziki wa masikio. Ukumbini ni muziki wa mwili mzima: ngoma ya mguu inagonga kifuani, gitaa la besi linapanda kupitia sakafu hadi magotini, na watu mia mbili wanasogea kama kitu kimoja. Anayekwenda mara ya kwanza huponzwa na mambo matatu, na yote yanazuilika. Anaenda bila vizibo vya masikio, anasimama mahali pabaya, na anatikisa kichwa kwa nguvu za shingo peke yake mpaka asubuhi hawezi kugeuka kuangalia kama kuna gari linakuja.

Kabla ya siku yenyewe

Tiketi ikisema saa 12 jioni, hiyo ni saa ya kufungua mlango. Bango husomwa kutoka chini kwenda juu: jina dogo kabisa ndilo linaloanza, jina kubwa ndilo linalofunga. Bendi za mwanzo hupewa dakika 30 au 40 kila moja, na kati ya bendi na bendi kuna dakika 15 hadi 30 za kubadilisha vyombo. Zikiwa bendi nne, piga hesabu mwenyewe: jina kubwa halipandi jukwaani kabla ya saa 2 na robo usiku, mara nyingi ni saa 3, na kama ni Nairobi ongeza saa nzima juu yake.

Hesabu hiyo isiwe sababu ya kuchelewa. Saa ya bendi ya kwanza ukumbi bado una nafasi, unaona milango ya dharura iko wapi na wazoefu wanasimama wapi. Tena bendi ndogo ya leo ndiyo utakayojisifia kesho kwamba uliiona mapema. Duma, wale wawili wa Nairobi ambao albamu yao ya kwanza ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, walikuwa wamepiga katika bendi nyingine za metali za jiji hilo kabla ya kujulikana Ulaya.

Piga simu ukumbini uulize umri unaoruhusiwa. Konsati nyingi za roki katika miji yetu hufanyika baa, na aliye chini ya miaka 18 atarudishwa mlangoni hata kama tiketi yake ni halali. Kitambulisho ubebe chenyewe, si picha yake kwenye simu.

Wiki moja kabla, chagua nyimbo nne za albamu mpya ya bendi na mbili za zamani, uzisikilize huku ukisoma maneno. Sauti ya kunguruma humeza konsonanti, na ukumbini hutaambulia neno kama hukulijua kabla. Lakini kikubwa zaidi cha kujifunza ni mahali wimbo unapokatika na kurudi polepole, mzito, gitaa likikata kama shoka. Hapo ndipo watu hulipuka. Anayejua kwamba zimebaki sekunde kumi ana muda wa kusogea mbele au kurudi nyuma. Asiyejua hukutwa katikati na soda mkononi.

Mavazi na mifuko

Viatu vya kufunika mguu mzima, soli ya mpira, kamba zimefungwa fundo mbili na ncha zake kuingizwa ndani ya kiatu. Sandali na malapa hapana, hata kama ni Mombasa na joto ni la Machi: mguu wako utakanyagwa na buti za watu. Mkanda wenye vyuma vyenye ncha unapendeza pichani, lakini walinzi wengi watakuvua mlangoni, na wasipokuvua utamkwaruza jirani. Hereni za pete kubwa zivue. Aliyesuka misuko yenye shanga aifunge nyuma kwa kitambaa, maana msuko mmoja ukizungushwa kwa kasi ni mjeledi, na jicho la mtu wa nyuma ndilo liko usawa wake.

Tisheti za bendi zimejaa mitumbani, masoko ya Gikomba na Toi ya Nairobi yakiwemo, na mara nyingi anayeuza hajui kama Slayer ni bendi au ni dawa ya mbu. Ukipata ya kweli, ifue kwa maji baridi ikiwa imegeuzwa ndani nje, uianike kivulini. Maji moto na jua kali hupasua maandishi. Kuna wanaosema ni mwiko kuvaa tisheti ya bendi inayopiga usiku huohuo. Puuza, hakuna mwanamuziki aliyewahi kukasirika kwa kuona jina lake kifuani mwa mtu.

Usibebe begi. Simu iwe kwenye mfuko wenye zipu, mbele, si wa nyuma. Pesa taslimu kidogo kwa ajili ya meza ya bidhaa za bendi. Miwani ifungwe kwa kamba au iachwe nyumbani kama unaona bila yake. Na vizibo vya masikio, jozi mbili, kwa sababu kimoja kitaanguka na kwenye sakafu ile hutakitaka tena.

Masikio

Hapa ndipo vijana wengi hudharau, kwa hiyo tukae kidogo. Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakipandi kama rula. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti inakuwa maradufu, na muda ambao sikio linaweza kuvumilia bila kudhurika unakatika nusu. Wataalamu wa afya ya kazini Marekani huanzia desibeli 85 kwa saa 8. Shuka ngazi hiyo: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika 15. Konsati ya metali mara nyingi iko kwenye 100 au zaidi, na inachukua saa tatu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango kwa kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100 ukipimwa kwa dakika 15. Hicho ni kikomo cha ukumbi, hakimaanishi kwamba sikio lako liko salama hapo usiku kucha.

Vizibo vya sponji vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na baadhi ya maduka ya dawa, kwa bei ya chini kuliko soda ya ukumbini. Tatizo ni kwamba watu wengi huviweka nusu nusu, vikaning'inia mlangoni mwa sikio. Fanya hivi, mikono ikiwa safi. Sokota kizibo kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio, livute juu na nyuma kidogo. Hivyo tundu linanyooka. Ingiza kizibo upesi kabla hakijatanuka, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30. Kikikaa vizuri, sauti yako mwenyewe itakuwa nzito, kama unaongea ndani ya mtungi, na mtu akikutazama kutoka mbele hataona kizibo kimejitokeza. Ukihisi upande mmoja unasikia zaidi, kitoe ukirudie. Kukisukuma tu kikiwa kimetanuka hakusaidii.

Namba iliyoandikwa kwenye pakiti, kama 30 au 33, ilipimwa maabara. Ukumbini tegemea karibu nusu yake, nayo inatosha kubadilisha hesabu: desibeli 103 zikipungua kwa 15 zinakuwa 88, na saa nne za 88 ndizo konsati nzima. Kasoro ya sponji ni kwamba inakula sauti za juu kuliko za chini, gitaa likasikika kama limefunikwa blanketi. Ukishaamua kwamba huu ndio muziki wako, nunua vizibo vya silikoni vyenye kichujio, vile vya wanamuziki. Hupunguza desibeli 15 hadi 20 kwa uwiano ulio karibu sawa, na huoshwa kwa maji na sabuni. Wengi hushangaa kwamba wakiwa navyo wanasikia gitaa vizuri zaidi, kwa sababu sikio lililozidiwa huchanganya kila kitu kuwa ngurumo moja.

Pamba na karatasi ya chooni si vizibo. Zinapunguza kidogo sana na nyuzi zake hubaki ndani.

Kwa nini inagonga kifuani, na usimame wapi

Mwaka 1970 bendi ya Black Sabbath ya Birmingham, Uingereza, ilitoa albamu yake ya kwanza. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine katika kiwanda cha mabati. Anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vinavyobana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki iliyoyeyushwa, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza kwa nusu tatu za sauti ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegea hutoa sauti ya chini zaidi, na uzito huo umekuwa alama ya metali mpaka leo. Sauti za chini hivyo hazizuiliki kwa urahisi: zinapita ukutani, zinajazana kwenye pembe za chumba, zinatetemesha mbavu.

Kwa hiyo pembe za ukumbi ni mahali pabaya. Hapo besi huvimba mpaka ngoma za mguu, ambazo mpigaji anazipiga kwa kanyagio mbili mara kumi au zaidi kwa sekunde, zinakuwa mvumo mmoja usio na mapigo. Ukumbi wa zege wenye dari fupi una shida hiyo kila mahali, na fundi sauti hodari atapunguza badala ya kuongeza.

Mahali penye sauti bora ni mbele au nyuma kidogo ya meza ya fundi sauti, katikati. Yeye anachanganya sauti kwa masikio yake akiwa pale, kwa hiyo unasikia alichokusudia. Pia ni mahali penye nafasi ya kupumua. Safu ya kwanza, kwenye vyuma vya kizuizi mbele ya jukwaa, ni ya macho: katika ukumbi mdogo utasikia amplifaya ya gitaa iliyo mbele yako na ngoma zenyewe, huku mwimbaji akipotea, maana sauti yake inatoka kwenye spika za pembeni ambazo zinapita juu ya kichwa chako. Popote utakaposimama, spika kubwa ziwe mbali nawe mita tatu au zaidi. Kule karibu nazo hata kizibo kinazidiwa.

Kwenye piti

Katikati, hatua chache kutoka jukwaani, patafunguka uwanja ambamo watu wanasukumana, wanazunguka mbio au wanagongana mabega. Jina lake la Kiingereza ni mosh pit: neno la kwanza linafanana na moshi wetu, na uwanja ukichemka kweli hakuna anayeona vizuri, lakini sisi tuuite piti. Kwa mgeni linafanana na ugomvi, ila lina adabu zake, na wazoefu huzisimamia kuliko walinzi.

Mtu akianguka, wote walio karibu wanasimama na kumwinua. Mara moja, bila kuulizana. Anayepita juu ya aliyeanguka hatakaribishwa tena. Sukuma kwa viganja vilivyo wazi au kwa bega, kwenye bega au mgongo wa juu. Ngumi, viwiko na mateke vina majina mengine. Husukumi aliye nje ya mduara ambaye hakutaka kuingia. Ukiona kiatu, simu au miwani sakafuni, iokote uinyanyue juu kabisa, mwenyewe atakuja. Na giza si ruhusa ya kumpapasa mtu: likikupata, nyoosha kidole kwa mhusika na piga kelele; katika umati wa metali atatolewa na mashabiki kabla mlinzi hajafika.

Mara ya kwanza simama ukingoni. Mguu mmoja mbele, magoti yamelegea, mkono mmoja umekunjwa mbele ya kifua, uso umeelekea pitini na si jukwaani. Anayesimama amewapa mgongo watu wanaokimbia ndiye anayevunjika meno. Ukitaka kuingia, ingia kwa kufuata mwelekeo wa mzunguko, kaa wimbo mmoja, toka. Mwimbaji akigawa ukumbi sehemu mbili na kuacha njia katikati, anaandaa pande hizo zigongane kwa pigo moja. Iache hiyo mpaka konsati yako ya tano.

Kubebwa juu ya vichwa vya watu kumepigwa marufuku kumbi nyingi, na buti lako likishuka ni kwenye shingo ya mtu ambaye hakukualika.

Msongamano ni kitu kingine

Piti ina nafasi, na hatari ya kweli iko mahali ambapo hakuna nafasi kabisa. Watu wanne kwenye mita moja ya mraba bado wanaweza kusogea. Wakifika sita au zaidi, mwili si wako tena: umati unaenda kama wimbi na wewe unaenda nao. Wanaokufa katika misongamano wengi hawakanyagwi, hubanwa kifua mpaka mapafu yanashindwa kutanuka. Tarehe 30 Juni 2000, kwenye tamasha la Roskilde, Denmark, vijana tisa walikufa mbele ya jukwaa wakati bendi ya Pearl Jam inapiga, ardhi ikiwa telezi kwa mvua.

Dalili ya kuondoka ni hii: ukitaka kuinua mkono kujikuna uso na huwezi, au unasogea bila kupiga hatua. Usingoje wimbo uishe. Weka mikono mbele ya kifua kama bondia, viwiko vimetoka kidogo, ili kubaki na nafasi ya pumzi. Usishindane na wimbi. Nenda nalo, na linapotulia piga hatua mbili tatu kwa mshazari kuelekea pembeni na nyuma. Jiepushe na nguzo na kuta. Kilichoanguka kimeanguka, usiiname hata kwa simu. Ukiwa mbele kabisa, waelekee walinzi uvuke vyuma. Ndiyo kazi yao kukuvuta.

Walio Ulaya wanaowaza kwenda Wacken, kule Schleswig-Holstein kaskazini mwa Ujerumani, ambako tamasha limefanyika tangu 1990 kwenye mashamba ya kijiji, waongeze buti za mpira ndefu na soksi jozi nne. Mwaka 2023 mvua iligeuza mashamba kuwa tope kiasi kwamba waandaaji walisimamisha kupokea watu zaidi, wenye tiketi wakarudi makwao.

Shingo, na ile ishara ya vidole

Watafiti wa Australia waliandika kwenye jarida la BMJ mwaka 2008 kwamba wimbo wa kawaida wa kutikisia kichwa una mapigo kama 146 kwa dakika, na kwa mwendo huo kichwa kikizunguka zaidi ya nyuzi 75 kinaingia kwenye hatari ya jeraha dogo la kichwa. Nyuzi 75 si nyingi: ni kutoka kuangalia mbele hadi kidevu karibu kiguse kifua, na ziada kidogo.

Dawa ni mbili. Fupisha safari ya kichwa, na punguza mapigo: wimbo wa 180 utikise kwenye kila pigo la pili, utaonekana mzoefu zaidi kuliko anayehangaika na yote. Miguu ipanuke kama mabega, goti moja mbele, mikono kwenye mapaja au kwenye vyuma, na mwendo uanzie kiunoni. Shingo ifuate mgongo badala ya kufanya kazi yote. Kabla ya bendi ya kwanza geuza kichwa taratibu kushoto na kulia mara kumi kumi. Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kuuma, acha kwa usiku huo.

Pembe, ile ishara ya vidole ya mashabiki wa metali, zifanywe sawasawa: kidole cha shahada na kidole cha mwisho juu, gumba limelalia vile viwili vya kati. Ronnie James Dio, aliyejiunga na Black Sabbath mwaka 1979, ndiye aliyeieneza ishara hiyo. Aliichukua kwa bibi yake Mwitaliano aliyeitumia kujikinga na jicho baya. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa zaidi, husuda anaijua. Gumba likitoka nje, umesema "nakupenda" kwa lugha ya alama ya Marekani, na picha itabaki hivyo.

Usiku na asubuhi yake

Kula mlo wa kweli saa mbili kabla, wali au ugali na si chipsi peke yake, na kunywa maji kila bendi inapobadilishwa. Joto la mbele ya jukwaa humwangusha mtu aliyekuja na njaa upesi kuliko pombe. Simu ibaki na chaji asilimia 30 ya kuitia usafiri, na mkubaliane na wenzako mahali pa kukutania nje penye alama moja wazi, kama mlango wa duka fulani. Getini hakufai, maana getini watu wote wanakutana. Umeloa jasho na usiku wa Nairobi mwezi Julai ni baridi: jaketi liachwe kwa mtunza nguo au kwenye gari, lisifungwe kiunoni ambako litavutwa.

Masikio yakivuma ukilala, yape siku nzima bila hedifoni wala kelele. Mvumo ukizidi saa 24, muone daktari wa masikio. Sikio moja likizima ghafla, nenda siku hiyohiyo, kwa sababu tiba yake hupungua nguvu kadiri siku zinavyopita. Shingo iliyokaza hutulia kwa siku mbili tatu kwa kitambaa cha moto na mwendo mwepesi. Maumivu ya kichwa yanayoendelea au kuzidi kwa siku na wiki ni suala la hospitali: mwaka 2014 madaktari wa Hannover walieleza katika jarida la Lancet mgonjwa aliyevuja damu ndani ya fuvu baada ya kutikisa kichwa kwenye konsati ya Motörhead, na alichokuja nacho kliniki kilikuwa kichwa kuuma tu.